Ubavu wa Kumi na Tatu

Shoka la Yahaya likipita kwenye uti wa mgongo wa ng'ombe hutoa mlio mkavu, kama mtu anayepasua kuni za mgunga. Siku ile lililia mara nne vizuri, na mara ya tano, karibu na katikati ya mgongo, likazama bila mlio wowote.

"Daktari!" Yahaya aliita, akirudi nyuma. "Njoo umwone huyu. Ana uji mgongoni."

Hedwiga hakuwa daktari. Alikuwa na stashahada ya mifugo, buti za mpira ambazo moja ilikuwa imetoboka, na muhuri wa kugongea nyama. Lakini katika machinjio ya Same kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa ametoka porini alfajiri ile ile, baada ya siku kumi za kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka. Gari la kampeni ya chanjo lilimshusha machinjioni kabla hata hajafika kwake, kwa sababu bila muhuri wake hakuna nyama ambayo ingeuzwa mjini.

Aliinama. Kwa ndani, mbavu zilikuwa zimeota vinundu vidogo vilivyoshikana kama ulezi uliomwagiwa maji. Akahesabu pingili za mgongo kwa ncha ya kisu, moja moja, akianzia pale shingo inapoishia. Ya tisa ilikuwa imeliwa upande wa mbele, imebaki ganda tupu, na ya nane ilikuwa imeinama na kuikalia. Katikati yake mlijaa usaha mzito wa manjano.

"Kifua kikuu," alisema. "Choma."

"Daktari, mzima mzima? Hata paja?"

"Hata mkia."

"Watu wanakula majani ya mchunga kwa chumvi mwaka wa pili huu, wewe unachoma ng'ombe!"

"Yahaya, ukiongeza neno nitakuchoma na wewe."

Vijana wa machinjio wakacheka. Hedwiga hakucheka. Alikuwa amepeleka kiganja upande wa nje wa mgongo ule, kuona kama ugonjwa umetokeza nyuma, na kweli ulikuwa umetokeza. Palikuwa na nundu ndogo yenye ncha, ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Mkono wake ukakaa pale pale. Mkono uliijua nundu ile kabla kichwa hakijaijua.

Wiki tatu nyuma alikuwa akimpima binti yake, Brightness, sare ya shule kwa uzi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja. Uzi uliposhuka mgongoni, ulipanda juu ya kitu na kushuka tena.

"Simama wima," Hedwiga alimwambia. "Unajikunja kama bibi kizee."

"Mama, hapo panauma."

"Panauma kwa sababu unajikunja."

Ndivyo alivyosema. Mama anayekagua migongo ya ng'ombe watano kila siku ya Mungu.

Alivua koti, akanawa mikono mara moja tu badala ya mara tatu, akamwachia Yahaya maagizo ya kuchoma, kisha akaondoka akiwa bado amevaa buti zake. Mjini Same watu hawashangai kumwona mwanamke akikimbia. Wanashangaa akikimbia bila kusalimu. Alipita maduka yaliyokuwa yameanza kujaa sabuni na dawa za meno, vitu ambavyo miaka miwili nyuma ulivipata kwa kupanga foleni na kujuana na mtu, na sasa vilikaa vinapigwa jua dirishani kwa sababu waliokuwa wakipanga foleni hawakuwa na cha kununulia. Mpaka akafika nyumbani.

Mumewe, Aminieli, alikuwa ametoka zamu ya stesheni na alikuwa anakunywa chai ya mkandaa isiyo na sukari.

"Brightness yuko wapi?"

"Karibu nyumbani kwanza, mama. Siku kumi—"

"Yuko wapi?"

"Mama yangu alikuja Jumapili. Kampeleka mlimani, kwa mzee Eliufoo, yule mganga wa mifupa. Anamnyoosha mgongo." Aminieli aliweka kikombe chini, kwa sababu uso wa mkewe ulikuwa umebadilika. "Si wewe uliyesema mtoto anajikunja? Na tangu Alhamisi alikuwa anajikwaa, mguu wa kulia. Nikadhani mzee atamsaidia."

"Anamnyoosha lini?"

"Amemkanda kidogo siku ya kwanza. Kunyoosha kwenyewe ni leo. Mbuzi anachinjwa asubuhi, mafuta yake yanayeyushwa, halafu jua likifika utosini..."

Hakumaliza. Hedwiga alikuwa amekwisha toka.

Dizeli siku hizo ilikuwepo. Kilichokosekana ni matairi. Lori la Idrisa, lililopandisha marobota ya mitumba na kurudi na ndizi, lilimpakia, likapasuka gurudumu karibu na kijiji cha Mwembe, na Idrisa akashuka kulitazama kwa utulivu wa mtu ambaye amepasukiwa mara nyingi.

"Saa moja tu, mama. Labda mbili."

"Ukishaziba, panda mpaka njia panda ya kwa mzee Eliufoo unisubiri. Nitashuka na mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa mgongo. Na uendeshe kama umebeba mayai."

Akakata njia ya mkato kwa miguu. Njia ile inapanda moja kwa moja kati ya migomba na mifereji, na ukiipanda na buti za mpira mguu unateleza ndani ya buti na buti inateleza juu ya udongo. Jua lilikuwa linapanda pamoja naye, na lilikuwa na kasi kuliko yeye. Alijaribu kutofikiri, akafikiria maziwa. Wafugaji wa tambarare walikuwa wakimpa kibuyu cha maziwa kila alipowachanjia, naye alikuwa akikileta nyumbani kwa furaha, maana mtoto alikuwa amekonda. "Myachemshe," alikuwa akisema, na kuondoka kwenda kazini. Lakini mwaka uliopita mafuta ya taa yalipotea na mkaa ukawa anasa. Kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na nani alikuwa akichemsha? Yeye mwenyewe aliwahi kumkuta Brightness na kikombe mdomoni, povu jeupe juu ya mdomo, na akapita.

Akapanda kwa kasi zaidi, mkono mmoja ukishika mbavu zake mwenyewe upande uliokuwa unachoma.

Uani kwa mzee Eliufoo mbuzi alikuwa amekwisha chunwa, ananing'inia kwenye tawi la mparachichi akiwa wazi kifuani. Moshi ulikuwa unatoka chini ya sufuria ya mafuta. Wanaume wawili walikaa kwenye gogo wakiwa wamekunja mikono ya mashati, tayari kwa kazi. Mkekani, kifudifudi, mgongo wazi, alilala Brightness. Bibi yake alikuwa amekaa karibu na kichwa, anamshikilia mkono.

"Mama!" mtoto aliita, akitaka kuinuka.

"Usiinuke!" Hedwiga alipiga kelele kali kiasi kwamba hata wanaume kwenye gogo walikaa vizuri. Kisha akavuta pumzi. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," alijibu mzee Eliufoo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene na macho ya upole. Milima yote ilikuwa na watu wanaotembea kwa miguu ambayo yeye aliiunga. "Karibu, mama Brightness. Umefika wakati mzuri."

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Asiguswe."

"Hata hujakaa," mama mkwe alisema. "Hata maji hujanywa. Umekuja na mabuti ya machinjio kwenye ua wa watu unatoa amri."

"Mama, nisamehe. Nitakaa baadaye."

"Mtoto ameanza kuburuta mguu. Wewe ulikuwa wapi? Kwa ng'ombe! Nani alimwona? Mimi!"

Hilo lilikuwa kweli. Hedwiga alimgeukia mzee. "Mzee, ulitaka kumfanya nini?"

Eliufoo hakukasirika. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake na anayependa kuieleza. Akamwendea mbuzi, akaingiza mkono kifuani na kugusa mbavu moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti mpaka kumi na tatu.

"Kumi na tatu kila upande," alisema. "Baba yangu alinifundisha kwa mbuzi, na yeye alifundishwa na baba yake kwa mbuzi. Kabla sijamgusa mgonjwa wa mbavu wala wa mgongo nachinja, nahesabu, ndipo najua ninachotafuta. Sijapata kukuta mbuzi mwenye kumi na mbili. Sasa sikiliza. Mtoto wako nimemhesabu siku tatu. Nimehesabu kumi na moja kwa vidole, na mmoja wa juu umejificha nyuma ya mfupa wa mtulinga, huo naujua. Kumi na mbili. Wa kumi na tatu haupo, kulia wala kushoto. Umechomoka, umeingia ndani, na unasukuma mgongo kutoka ndani. Ndiyo nundu ile. Hawa wawili watamvuta, mmoja mabegani, mmoja miguuni, nami nitaikanyaga nundu kwa kisigino mpaka ubavu urudi mahali pake."

Hedwiga alitazama kisigino cha mzee. Kilikuwa kipana, kigumu, chenye nyufa.

"Mzee, mtu hana kumi na tatu."

"Mtu?"

"Mtu ana kumi na mbili. Mbuzi kumi na tatu, ng'ombe kumi na tatu. Nguruwe kumi na nne, wengine kumi na tano—"

"Huyo usimtaje hapa," mama mkwe alisema. Alikuwa Msabato wa damu.

"Farasi kumi na nane. Kila mnyama na zake. Shingo ndiyo inayofanana: twiga pingili saba, panya saba, wewe saba. Lakini mbavu hazifanani."

"Wewe umesomea ng'ombe," alisema mmoja wa wale wa kwenye gogo, Zefania, mwenye mabega kama mlango. "Shule ya ng'ombe na shule ya watu ni moja?"

"Na mzee kasomea mbuzi," Hedwiga alimjibu. "Mimi na yeye tumekalia dawati moja."

Eliufoo alicheka kidogo, mara akaacha. "Mama, maneno yako ni mazuri. Lakini mimi siungi mifupa kwa maneno."

"Basi hesabu. Una mtoto mzima hapa, asiyeumwa?"

Alikuwepo mjukuu wa mzee, Chiku, wa rika la Brightness, aliyekuwa anachochea moto chini ya sufuria na kusikiliza kila kitu. Akaitwa. Akaja akijifuta majivu. Babu yake akamwambia ainue mikono, naye akainua, akaanza kucheka kwa sababu vidole vya babu vilimtekenya.

"Tulia!"

"Babu, unanitekenya!"

Mzee alianzia chini, kwenye ule ubavu mfupi usiofika mbele, akapanda. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Alipofika chini ya mtulinga alisimama. Akarudi chini, akahesabu upande wa pili. Akamhesabu tena. Chiku aliacha kucheka.

"Ngapi?" aliuliza mama mkwe.

Mzee alifungua vifungo vya shati lake, akajipapasa mbavu mwenyewe, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta chawa. Muda ukapita. Mafuta yakaanza kutoa moshi na hakuna aliyeyatoa motoni.

"Zefania," alisema hatimaye. "Vua shati."

"Mimi mzima, mzee!"

"Vua."

Zefania alivua. Alihesabiwa kama mahindi ya kupanda. Mzee Eliufoo alipomaliza akakaa kwenye gogo, mahali pa Zefania, akayatazama mapaja yake.

"Kumi na moja," alisema. "Na uliojificha. Kwa wote."

"Basi wote mmepoteza ubavu," Hedwiga alisema, "au hakuna aliyepoteza."

Mama mkwe alikuwa ameuweka mkono wake mwingine chini ya kanga, ubavuni mwake, naye anahesabu.

"Sawa," mzee alisema polepole. "Ubavu haukuchomoka. Lakini nundu ipo. Nundu nimeishika kwa mkono huu. Hiyo nayo ni ya shule?"

Hedwiga alichukua shoka lililokuwa limeegemezwa kwenye mparachichi. Hakuwa na nguvu za Yahaya, lakini mbuzi si ng'ombe. Alimpasua kwa urefu, mapigo mengi madogo, akaufungua uti wa mgongo mbele ya mzee.

"Hivi vijiti vya nyuma ndivyo unavyovishika kwa kidole," alisema. "Hivyo ni paa tu. Nyumba yenyewe ni hizi za mbele, nene, zimepandana kama vipande vya muwa. Hizi ndizo zinazobeba mtu. Na katikati ya paa na nyumba, ona huu uzi mweupe. Unatoka kwenye ubongo. Miguu inasikia kwa uzi huu, na haja zote mbili zinazuiwa kwa uzi huu."

Mzee aligusa uzi ule kwa ncha ya kidole. Ulikuwa laini kuliko alivyodhani.

"Leo asubuhi nimemfungua ng'ombe mwenye nundu kama ya Brightness. Pingili moja ilikuwa imeliwa na kifua kikuu kwa mbele. Ikiliwa, ya juu inainama, na nyuma paa linatokeza. Wewe unaliona paa tu. Ukilikanyaga, pingili iliyooza inapasuka, inaukata uzi. Sasa hivi anajikwaa, mzee. Uzi umebanwa tu. Haujakatika."

Eliufoo alimtazama Hedwiga kwa macho ya mtu ambaye ameamua kusema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Kule juu kulikuwa na kijana, mwaka wa njaa. Nundu hii hii. Nilimkanyaga. Akalia mara moja, halafu akanyamaza, akaniambia, mzee, mbona umeniondolea miguu? Nikasema ubavu ulikuwa umezama mno." Alifuta vidole vyake kwenye suruali. "Alikaa kitandani miaka miwili."

Mama mkwe aliuachia mkono wa mtoto, kisha akaushika tena kwa nguvu zaidi.

"Nilimleta mimi," alisema, si kwa mtu yeyote.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia anajikunja," Hedwiga alisema. "Tutagombania nani mwenye kosa tukishafika Moshi. Hospitali kubwa ndiyo yenye wa kumtazama, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Lori la Idrisa linatungoja njia panda. Shida yangu ni barabara. Kila shimo litamkunja."

Hapo mzee Eliufoo alisimama. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mtu anayejua la kufanya.

"Hilo niachie," alisema. "Mbavu siwezi kuhesabu, lakini kumfunga mtu asicheze, hilo hakuna wa kunifundisha. Zefania, ng'oa mlango wa ghala. Chiku, leta magome ya migomba, makavu, na kamba zote."

Walifanya kazi haraka. Magome yalitandikwa juu ya mlango mpaka yakawa mto. Mtoto hakuinuliwa, watu wanne walimbingirisha kwa mpigo mmoja, kichwa, mabega, nyonga na miguu pamoja, mzee akihesabu moja mbili tatu, kama gogo lisilo na kiungo, mpaka akalala chali juu ya mlango. Akajaziwa pande zote mbili. Kamba zikapita kwenye paji la uso, makwapani, kiunoni, juu ya magoti. Kila kamba mzee aliingiza kidole chini yake kuona kama pumzi inapita. Hedwiga alitazama akaona kwamba yeye, na stashahada yake, asingeweza kufunga vile.

"Na mbuzi?" Zefania aliuliza, akitazama nyuma wakati wanaubeba mlango.

"Zefania, wewe mtu wa nyama tu!" mama mkwe alifoka. "Beba!"

Lori lilikuwa njia panda, gurudumu limezibwa kwa kiraka cha raba, mikungu ya ndizi aliyokwisha pakia imepangwa sakafuni. Waliuweka mlango juu ya mikungu. Mzee Eliufoo alipanda bila kuulizwa, akakaa upande wa kichwa na kuyabana mabega ya mtoto kati ya magoti yake. Hedwiga alikaa upande wa miguu. Mama mkwe alibaki barabarani akisema mambo mengi kwa wakati mmoja: wampe maji, wasimpe maji mengi, Idrisa ni mlevi, Mungu yupo.

Idrisa akaingiza gia ya kwanza. Kona ya kwanza lori liliyumba, mlango ukateleza kiganja kizima, na Brightness akatoa sauti ndogo, kisha akanyamaza.

Hedwiga alimvua mtoto viatu. Akakibana kidole gumba cha mguu wa kushoto.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akakibana cha kulia. Kimya. Alimtazama mzee, mzee akamtazama. Akakibana tena, kwa ukucha, kwa nguvu zote.

"Mama!" Brightness alilia kwa hasira. "Sasa mbona unanifinya?"

Kidole kilijikunja, taratibu, kama kitu kinachoamshwa usingizini. Hedwiga akaipiga bodi ya lori kwa kiganja. "Idrisa! Polepole, nimekwambia mayai!" Kisha akaukamata mguu ule kwa mikono miwili, macho kwenye kidole, akaanza kuhesabu kona zilizobaki mpaka chini.